Bicchieri, Scanlon, Korsgaard au Metz: kiunzi kipi kinaifaa tasnifu yako ya maadili?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika kuhusu maadili ya jamii jijini Dar es Salaam huwa hakosi mada. Rushwa ndogondogo za barabarani, michango ya harusi, kelele za baa, machinga na njia za waenda kwa miguu: kila moja inatosha tasnifu nzima. Anachokosa ni kiunzi cha nadharia, yaani nadharia ya kuchambulia swali lake, na hapo ndipo pendekezo la utafiti hurudishwa mara mbili, mara tatu. Kosa huwa karibu lilelile. Ameuliza swali la aina moja, akamchagua mwanafalsafa anayejibu swali la aina nyingine.

Hapa tunawalinganisha wanne: Cristina Bicchieri, T. M. Scanlon, Christine Korsgaard na Thaddeus Metz. John Rawls na Jürgen Habermas, wanafalsafa wa haki na siasa, tutawagusa kwa kifupi tu, kwa sababu watu huwakimbilia hata wasipohitajika. Na ili ulinganisho usielee hewani, wote wanne watapewa kisa kimoja.

Kisa: konda na mwanafunzi

Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni Sh 200. Ya mtu mzima ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Dereva na konda wana hesabu, yaani kiasi maalumu cha pesa, ya kumpelekea tajiri (mwenye gari) kila jioni, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chao. Basi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, abiria wakiwa wengi kuliko nafasi, kila mwanafunzi anayepanda anapunguza pato la siku. Yanayofuata kila mtu ameyaona: mkono unazuia mlango, "wanafunzi wawili tu!", au gari linapitiliza kituo na kusimama mbele ili watoto wasiwahi.

Kisa hiki kina maswali manne ndani yake, na kila mwanafalsafa ana lake. Kwa nini makonda wanafanya hivyo, na nini kingewafanya waache? Hilo ni la Bicchieri. Je, ni kosa, na nani ana haki ya kulalamika? La Scanlon. Konda mwenyewe, akiwa pale mlangoni, anabanwa na wajibu upi hata aujali? La Korsgaard. Ni uhusiano gani kati ya watu unaovunjwa hapo? La Metz.

Swali la kwanza ni la jinsi mambo yalivyo. Matatu yanayobaki ni ya jinsi yanavyopaswa kuwa. Ukilishika hilo peke yake, umeshaepuka nusu ya matatizo.

Bicchieri: kupima kama kaida ipo

Kazi zake mbili zinazohitajika ni ya 2006, *The Grammar of Society*, na ya 2017, *Norms in the Wild*. Anza na ya 2017. Ile ya 2006 ina hesabu za nadharia ya michezo ambazo mtu wa falsafa tupu atazisoma kwa jasho, na kwa utafiti wa uwandani hazihitajiki zote.

Kwa Bicchieri, kaida ya kijamii ipo pale tu watu wanapopendelea kuifuata kwa masharti mawili. La kwanza, waamini kwamba wenzao wengi wanaifuata. Tuyaite matarajio ya kimatendo. La pili, waamini kwamba wenzao wanaona inapaswa kufuatwa, na pengine kwamba watamwadhibu anayeikiuka. Tuyaite matarajio ya wajibu. Sharti likiondoka, na ufuataji unaondoka. Ndipo anapotenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya. Mazoea ni yale ambayo kila mtu angeyafanya hata akiwa peke yake, kwa kuwa yanamfaa. Kufuata mkumbo kunategemea sharti la kwanza pekee. Kaida ya kijamii inategemea yote mawili. Kanuni ya kimaadili haina sharti: mtu anaishika hata wengine wote wakiiacha.

Upimaji wake unakwenda hivi.

1. Tafuta kundi rejea, yaani watu ambao maoni yao yana uzito kwa anayetenda. Usilikisie. Muulize konda: "Ukimwacha mwanafunzi, maneno ya nani yanakugusa?" Usishangae akimtaja dereva wake na makonda wa ruti, asimtaje abiria hata mmoja.

2. Hesabu kwa macho yako. Kaa kituoni asubuhi za siku za shule na uandike: gari limefika saa ngapi, wanafunzi wangapi walikuwa wanasubiri, wangapi wamepanda. Wiki 2 za shule kwenye vituo 3 zinatosha tasnifu ya uzamili. Wakati wa likizo data yako itakuwa bure.

3. Uliza kuhusu wengine kabla ya kumuuliza mtu kuhusu nafsi yake: "Kati ya makonda 10 wa ruti hii, wangapi huwaacha wanafunzi asubuhi?"

4. Uliza imani yake binafsi, kisha uliza anavyodhani wenzake watajibu: "Kati ya hao 10, wangapi watasema konda hapaswi kuwaacha?" Atakayekisia karibu na majibu halisi mpe zawadi ndogo, mathalani vocha ya Sh 1,000. Bila zawadi watu hutaja namba yoyote ili umalize.

5. Tumia visa vya kubuni kupima masharti. Mweleze kuhusu konda wa kubuni aliyehamia ruti asiyoijua. Andaa matoleo 4: wengi wa ruti hiyo wanapakia wanafunzi au hawapakii, wengi wanaona ni lazima kupakia au hawaoni. Kila mhojiwa apewe toleo moja tu, aseme konda huyo atafanya nini. Wahojiwa 30 kwa kila toleo ni 120 kwa jumla, idadi ambayo mtu mmoja anaimudu kwa mwezi mmoja kama atawafuata makonda kituo cha mwisho wa ruti, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wanapongoja zamu ya kupakia. Asubuhi na jioni hawana muda na wewe.

Kuna mambo matatu yanayoharibu kazi hii. Moja ni kuuliza "Je, ni sawa kumwacha mwanafunzi?" Wote watajibu si sawa. Umeshika karatasi yenye nembo, unaonekana mtu wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na hakuna atakayejichongea. La pili ni kuiruka hatua ya 5 kwa sababu inachosha. Bila hiyo unajua watu wanaamini nini, hujui kama imani hiyo ndiyo inayowaendesha, na msimamizi makini atakurudisha uwandani.

La tatu lina uzito zaidi: kulazimisha kaida mahali isipokuwepo. Inawezekana kabisa ukakuta konda angewaacha wanafunzi hata akiambiwa ruti nzima inawapakia, kwa kuwa hesabu ya tajiri iko palepale. Kwa lugha ya Bicchieri hiyo si kaida. Ni mazoea yanayoendeshwa na pesa, na mabango ya kubadili mtazamo hayatafanya kitu. Hayo ni matokeo halali na yenye faida, tena ni bora kuliko tasnifu nyingi za "mitazamo ya jamii". Usiyafiche kwa kuona nadharia tete yako imekataliwa.

Asichokupa Bicchieri ni hukumu. Atakuambia kaida ipo, ina nguvu kiasi gani, na ukivuta uzi upi itafumuka. Kama inastahili kufumuliwa, hasemi. Tasnifu nyingi hufia hapa: sura ya 4 ina majedwali, sura ya 5 inaanza na "hivyo makonda wanapaswa". Mwanafalsafa David Hume alishaonya juu ya mruko huu, wa kutoka yalivyo kwenda yanavyopaswa kuwa, katika kitabu chake cha 1739–40, na mtahini wako amemsoma.

Scanlon: nani ana lalamiko zito zaidi

*What We Owe to Each Other* ni cha 1998, kina sura 8, na kwa kazi hii unaanzia sura ya 4 na ya 5. Sura ya 1, inayohusu sababu za kutenda, utairudia baadaye ukibanwa.

Wazo lenyewe, linaloitwa nadharia ya mkataba: tendo ni kosa kama lingekatazwa na kanuni zozote ambazo hakuna mtu angeweza kuzikataa kwa sababu za msingi, ilimradi wote wanatafuta kanuni za kuishi pamoja. Mkazo uko kwenye kukataa, si kwenye kukubali. Mtu mwenye moyo wa kujitoa anaweza kukubali kanuni inayomwonea. Haina maana kwamba asingekuwa na haki ya kuikataa.

Namna ya kuitumia kwenye kisa chetu ni kuandika kanuni zenyewe, neno kwa neno, badala ya kuzungumzia "haki" kwa ujumla. Kanuni A: konda anaweza kumwacha mwanafunzi yeyote abiria wa nauli kamili wakiwepo. Kanuni B: konda apakie kwa kufuata aliyetangulia kufika kituoni, bila kujali nauli. Kanuni C: konda apakie idadi fulani ya wanafunzi kila safari, na tajiri ashushe hesabu kufidia pengo. Kisha chukua nafasi za watu, si watu wenyewe: mwanafunzi, konda, tajiri, abiria mtu mzima. Kwa kila nafasi andika mzigo ambao kila kanuni inambebesha. Mwanafunzi chini ya A hukosa kipindi cha kwanza mara kwa mara na huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Konda chini ya B hupungukiwa hesabu, na kama ni deiwaka tu (mtu wa kushikilia gari kwa siku), kesho hana gari. Tajiri chini ya C hupungukiwa faida, lakini gari bado ni lake. Halafu linganisha malalamiko mawilimawili: ukiikataa kanuni hii, mbadala wake unambebesha mwingine mzigo mzito kuliko wako?

Kazi ikifanywa vizuri, A inaanguka mapema, na ugomvi halisi unabaki kati ya B na C. Hapo tasnifu inaanza kupendeza, kwa sababu lalamiko la konda dhidi ya B ni zito kweli. Wanaoandika kuhusu "ukatili wa makonda" huwa hawafiki hapa.

Scanlon hajumlishi mizigo. Katika mfano wake maarufu, mtu aitwaye Jones ameangukiwa na kifaa kwenye chumba cha mitambo ya kurushia matangazo na anapigwa na umeme kwa maumivu makali. Kumwokoa kunataka kuzima matangazo ya mechi ya Kombe la Dunia ambayo watu wengi wanaitazama. Scanlon anasema zima. Usumbufu mdogo wa kila mtazamaji hauunganishwi ukawa lalamiko moja kubwa. Vivyo hivyo, dakika chache za abiria 20 walioketi garini hazijumlishwi dhidi ya mtoto mmoja anayefungiwa geti la shule.

Makosa ya kawaida: kugawa madodoso kwa abiria 100 na kuwauliza kama wangeikubali kanuni fulani. Hiyo ni kura ya maoni. Kwa Scanlon mahojiano ni ya kukusaidia kuijua mizigo ya kila nafasi, na watu 8 hadi 12 waliochaguliwa vizuri wanatosha. Asikulazimishe mtu sampuli ya 150. Kosa jingine ni kuingiza habari za mtu binafsi ("konda huyu ana watoto sita") mahali panapotakiwa sababu za nafasi. Na jiandae kwa pingamizi moja ambalo halikosi kwenye utetezi wa tasnifu: kama kanuni inakataliwa kwa kuwa inamwumiza mwanafunzi, si maumivu hayo yenyewe ndiyo yanayolifanya tendo kuwa kosa? Mkataba wote huu wa nini? Jibu fupi ni kwamba maumivu peke yake hayasemi lini yanashinda mzigo wa mwingine. Ulinganisho wa malalamiko ndio unaosema. Jibu refu uliandike kabla hujaingia chumbani.

Korsgaard: kwa nini nibanwe mimi

*The Sources of Normativity* kilitoka 1996, kutokana na mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1992. Kina mihadhara 4, kisha maoni ya G. A. Cohen, Raymond Geuss, Thomas Nagel na Bernard Williams, kisha majibu yake. Ni kitabu chembamba kinachosomeka polepole.

Swali lake linaulizwa na anayetenda, si na anayemtazama: wajibu unaponidai kitu kigumu, una haki gani ya kunidai? Anapitia majibu manne ya kihistoria: amri ya mwenye mamlaka, ukweli wa kimaadili uliopo wenyewe, maumbile yetu tunayoyaidhinisha tukijitafakari, na mwisho la mwanafalsafa Immanuel Kant, uwezo wa mtu kujiwekea sheria mwenyewe. Lake linajengwa juu ya hilo la mwisho. Mtu hutenda chini ya namna anavyojitambua: baba, Muislamu, Mkristo, konda mchapakazi, mtoto wa Tandika. Kila kitambulisho kina mambo ambayo ukiyafanya hujioni tena kuwa wewe, na hapo ndipo wajibu unapotoka. Chini ya vyote kuna kimoja usichoweza kukivua: kwamba wewe ni binadamu, kiumbe anayehitaji sababu ili atende. Ukikithamini kwako, unalazimika kukithamini kwa yule mwenye sare ya shule.

Kwa tasnifu, Korsgaard anahitaji uwanda mdogo na hoja nyingi. Mahojiano ya kina na makonda 6 hadi 10, kila mmoja kama saa nzima, juu ya namna wanavyojieleza na mambo wanayosema "hayo mimi sifanyi". Sehemu kubwa inayobaki ni uchambuzi. Asiyependa kukaa na aya moja siku mbili amwache.

Usithubutu kuandika juu yake bila kusoma maoni ya Cohen. Anamleta mtu wa genge la Mafia anayejitambua kwa uaminifu wake kwa genge: je, naye ana wajibu wa kweli wa kuua? Konda anayejisifu kwamba yeye "hana huruma na hesabu" ni ndugu yake mdogo. Korsgaard anajibu kwamba wajibu huo una nguvu fulani, ila kutafakari kukiendelezwa hadi mwisho kungemtoa hapo. Ukiona jibu hilo halikutoshi, umepata tasnifu. Ukienda kwenye kazi yake ya 2009, *Self-Constitution*, utamkuta mlangoni mwanafalsafa David Enoch na makala yake ya 2006 dhidi ya njia hii nzima. Jopo litakuuliza habari zake.

Jambo moja Korsgaard halifanyi vizuri, nalo ni sera. Ukitaka kumalizia na mapendekezo kwa LATRA, chagua mwingine.

Metz: uhusiano unaovunjwa

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kwetu wanapotaka kuanzia, na ndipo wengi wanapoharibu. Makala ya Metz ya 2007, "Toward an African Moral Theory", ndiyo nyepesi kuipata na kuisoma kati ya kazi zote zilizotajwa. Kitabu cha 2022, *A Relational Moral Theory*, kinaisahihisha na kuikuza, kwa hiyo kutumia makala pekee leo ni kujiweka uchi.

Kizuri cha Metz ni kwamba haishii kwenye "sisi Waafrika tuna utu". Makala inaorodhesha hukumu 6 ambazo Waafrika na watu wa Magharibi wanazishiriki na 6 ambazo ni za kawaida zaidi Afrika, kisha inazipima tafsiri 6 za utu kwa kuuliza ipi inazieleza hukumu hizo zote. Inayoshinda ina pande mbili. Upande mmoja ni kujiona pamoja: kusema "sisi" na kuwa na malengo ya pamoja. Upande wa pili ni kujaliana: kufanya jambo kwa faida ya mwenzako kwa kuwa unamjali. Tendo linalojenga vyote viwili ni jema. Linalovibomoa ni kosa. Mwaka 2022 mkazo umehamia kwenye kuuheshimu uwezo wa kila mtu wa kuingia katika uhusiano wa namna hiyo, jambo linalompa hata asiye ndugu wala jirani hadhi ya kutodhulumiwa.

Kwenye daladala, pande hizo mbili ni vifaa vizuri vya uchunguzi. Mpiga debe anayemsukuma mtoto nje anakataa yote mawili. Konda anayempakia bure mtoto wa mtaani kwake na kuwaacha wengine anajali bila kupanua "sisi". Abiria wanaopiga kelele "mchukue mtoto!" lakini hawasogei kumpa nafasi wana "sisi" ya mdomoni. Andika unayoyaona kwa namna hiyo na uchambuzi utajipanga wenyewe.

Sasa yanayoharibika. Kwanza, msingi wa Metz uko zaidi kusini mwa Afrika. Wanafalsafa Kwame Gyekye na Kwasi Wiredu, ambao utawahitaji pembeni, wanatoka kwa Waakan wa Ghana. Dar es Salaam ni jiji la watu wa makabila yote, na konda wako anaweza kuwa ametoka Singida mwaka jana. Kudai kwamba nadharia inaeleza maadili "yake" kwa kuwa ni Mwafrika ni dai la kitafiti linalohitaji ushahidi. Pili, methali. Wanafunzi huzimwaga kama ushahidi, lakini anayetaja "mgeni njoo mwenyeji apone" atakutana na "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo Nyerere mwenyewe aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la 1962. Methali zinavutana, na uchaguzi wako ndio unaopaswa kutetewa. Tatu, mabishano ya mtu na jamii. Mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti, katika makala ya 1984, aliipa jamii kipaumbele hadi utu ukawa jambo la kufikiwa hatua kwa hatua. Gyekye, hasa katika kitabu chake cha 1997, akampinga kwa ujamii wa wastani unaoacha nafasi ya haki za mtu. Usipowataja, mtahini atadhani huwajui. Mtoto mlangoni ni mtihani mzuri hapa, maana kwa Menkiti utu wake bado haujakamilika.

Nyerere na ahadi za mwana-TANU ("binadamu wote ni ndugu zangu") zina utajiri mkubwa, ila zinafaa zaidi kama matini ya kuchambuliwa kuliko kama kiunzi cha kuchambulia.

Matokeo yaleyale, majibu manne

Tuseme umefika uwandani na kukuta hali hii: makonda wengi, kila mmoja moyoni mwake, wanaona kumwacha mtoto ni kosa, lakini kila mmoja anaamini wenzake wanaona ni ujanja wa kazi.

Bicchieri atachangamka. Kaida inasimama juu ya imani ya uongo kuhusu wengine, na kuitangaza imani halisi mbele ya makonda wote wa ruti kunaweza kuibomoa. Kwake hii ndiyo data bora kuliko zote. Scanlon atasema imani hizo hazibadilishi kosa, ila zinabadilisha mzigo: konda anayepakia peke yake anaumia kuliko wanaopakia wote kwa pamoja, kwa hiyo kanuni ya kutetea ni ya ruti nzima. Korsgaard ataona mtu aliyegawanyika, anayetenda chini ya kitambulisho ambacho akikitafakari hakiidhinishi, na kwake hapo wajibu umeshajionyesha. Metz ataona kujali kunakoishi kifuani na "sisi" isiyokuwepo barazani. Pengo liko upande wa kujiona pamoja.

Badilisha tokeo. Tuseme makonda hawaoni kosa lolote na wanataja hesabu tu. Bicchieri anafunga daftari mapema. Scanlon anapata kazi zaidi, kwa sababu sasa mtu wa kujibu ni tajiri na anayepanga nauli. Korsgaard anabaki na swali gumu na watu wachache wa kulijadili nao. Metz anaweza kuendelea, lakini lazima aonyeshe uhusiano kati ya tajiri na konda wake nao ni wa namna gani.

Ndiyo sababu ya kufanya uchunguzi mdogo wa siku 3 au 4 kituoni kabla ya kuandika jina la mwanafalsafa kwenye pendekezo.

Rawls na Habermas

*A Theory of Justice* (1971) inahusu muundo wa msingi wa jamii. Rawls mwenyewe aliiwekea nadharia yake mpaka huo. Ni wa kutumia kama swali lako ni jinsi nauli zinavyopangwa na nani anabeba ruzuku ya elimu, si kama ni la mkono wa konda mlangoni. "Pazia la ujinga" (kuchagua kanuni bila kujua nafasi yako katika jamii) kwa konda mmoja ni matumizi mabaya yanayojirudia kila mwaka.

Habermas anafaa pale swali lilipo kwenye namna uamuzi ulivyofikiwa. Kuondolewa kwa machinga barabarani mwaka 2021 ni mfano mzuri: kaida ni halali, kwake, kama wote inaowagusa wangeweza kuiridhia wakiwa washiriki wa majadiliano. Utahitaji mihtasari ya vikao vya mtaa na kata, na kuipata kunakula muda kuliko kusoma *Between Facts and Norms* yenyewe.

Vibali na muda

Barua ya utafiti ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kwenye kata na mtaa. Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni wilaya tofauti, na ruti moja ya daladala inaweza kukatiza tatu. Chagua ruti fupi. Ni wiki kadhaa unazojiokolea. Ukiwahoji wanafunzi walio chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 hao ni watoto, kwa hiyo ridhaa ya mzazi au mlezi iandaliwe pamoja na ya mtoto mwenyewe. Bicchieri na Metz wanaathirika zaidi na urefu wa vibali. Korsgaard unaweza kuanza kumwandika huku barua ikizunguka.

Kwa gharama, Bicchieri ndiye ghali: nauli, vocha, uchapaji wa matoleo 4, na pengine msaidizi mmoja wa kuhesabu kituoni. Scanlon anakula karatasi na mazungumzo tu.

Kuwaunganisha wawili

Muungano unaofanya kazi vizuri zaidi ni Bicchieri kisha Scanlon. Sura ya uwandani inapima kama kaida ipo na nani ni kundi rejea. Sura inayofuata inachukua mizigo iliyogunduliwa na kuilinganisha chini ya kanuni A, B na C. Daraja kati ya sura hizo liandikwe waziwazi kwa aya moja: kwamba takwimu zinaingia kama habari za mizigo, haziingii kama sababu ya "kupaswa".

Metz na Korsgaard pamoja wanavutia lakini wana mgongano: mmoja anauweka mzizi wa wajibu kwenye uhusiano, mwingine kwenye nafsi inayojitafakari. Kwa uzamivu ni mgongano wa kuandikia. Kwa uzamili wa mwaka mmoja na nusu utakumeza. Na Bicchieri akiunganishwa na Metz, angalia kundi rejea la mmoja lisije likageuka kimyakimya kuwa "jamii" ya mwingine: la kwanza ni makonda wanaoogopwa au kuheshimiwa na konda huyu, la pili linamgusa hata mtoto ambaye konda hajawahi kumtazama usoni.

Kabla ya kukubaliana na msimamizi, mwonyeshe sentensi moja ya swali lako na umuulize linajibiwa kwa kuhesabu, kwa kuhoji au kwa hoja tupu. Majibu yenu yakitofautiana, rudi kwenye swali kabla hujagusa kiunzi.